Nguruwe wetu walitoka madoa mekundu, tukawachimbia shimo wote

Wakuu, heshima kwenu. Leo naweka hapa jambo lililonipata miaka ile ya ruksa, mwanzoni mwa tisini. Siongezi chumvi. Mume wangu, Baba Neema, yupo hai, na akipita humu atanisahihisha.

Tulikuwa tunaishi Lupaso, Masasi. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kipindi kile kila mtumishi alitafuta kitu cha pembeni. Wengine walifungua genge la mboga.

Sisi tukafuga nguruwe kumi na wanne, nyuma ya mikorosho. (Mnaotaka kuanza ligi ya dini, tulieni. Majirani zetu Waislamu ndio waliotuuzia pumba.)

Asubuhi moja naingia bandani, nakuta watatu wa miezi kama mitatu wamelala tu. Mapajani kwa nyuma na masikioni wametoka madoa mekundu yanayoelekea zambarau, kama waliochapwa fimbo. Miguu imevimba, chakula hawagusi.

Kila mfugaji pale aliyajua madoa hayo kuwa ni homa ya nguruwe. Ikiingia kijijini inafagia mabanda yote.

Mama mkwe akanivuta pembeni. "Mama Neema, mnunuzi wa Masasi anapita kesho na pickup. Wapakieni hao wazima, mnyamaze."

Wakuu, nilishawishika. Serious.

Lakini jirani yetu Mzee Nandonde alikuwa na nguruwe wengi kuliko sisi, na ndiye aliyetupa jike la kwanza. Ningemtazamaje usoni? Nikaenda kumwambia.

Akasema: "Umefanya vizuri kuja, mwanangu. Lakini wote wauawe, wachomwe, wafukiwe."

Baba Neema akachukua jembe, akaanza kuchimba shimo. Kabla hajamaliza, mmoja wa wale wagonjwa akafa.

Nikamwambia, "Kabla hatujaua wazima, mlete Chilumba."

Chilumba alikuwa bwana mifugo. Serikali ilipopunguza wafanyakazi naye akapunguzwa, akafungua kiduka cha dawa za mifugo Masasi mjini. Mume wangu alipata lifti ya lori, alasiri wakarudi wote wawili.

Pale pale ukingoni mwa shimo Chilumba akampasua yule nguruwe aliyekufa, Mzee Nandonde akiwa amesimama kando.

"Bandama hii ni ya kawaida," akasema. "Homa mara nyingi huivimbisha, ikawa nyeusi."

Kisha akatoa figo. Kubwa, zimepauka, zimejaa vitone vyekundu.

"Ugonjwa uko hapa. Jina lake silijui. Ila wale wengine kumi na mmoja wanakula vizuri. Kwa homa ningetegemea wawe hoi."

"Una hakika?" Mzee akauliza.

"Hakika sina, Mzee. Napeleka vipande maabara. Mpaka majibu yarudi, hakuna nguruwe kuingia wala kutoka. Huyu azikwe, wale wagonjwa wawili watengwe."

Mzee Nandonde akalitazama shimo. "Nitasubiri. Lakini akiugua wangu hata mmoja, sitauliza mtu, wote tunawaua."

Aisee, zile wiki! Kila kukicha nakwenda bandani kuwakagua mmoja mmoja. Mgonjwa wa pili akafa. Wa tatu akaanza kunywa maji, halafu akagusa pumba. Madoa yakakauka yakawa magamba, yakaacha makovu. Wengine wote wazima, na wa Mzee pia.

Majibu yakaja: siyo homa ya nguruwe.

Nilikaa chini kwenye vumbi nikalia kama mtoto. Mzee Nandonde akacheka mpaka akakohoa. "Mama Neema, inuka bwana, wanyama wana njaa!"

Mtoto wetu Neema sasa ni daktari wa mifugo. Anasema huenda ilikuwa kirusi kinachoitwa circovirus, ambacho kinaweza kuleta shida ya ngozi na figo. Kwa macho tu unaweza kudhani ni homa. Siku hizi chanjo yake ipo.

Nilichojifunza: ukiona madoa, usiuze kimya kimya na usimfiche jirani. Mwite mtaalamu, afungue aangalie ndani. Mimi nilikaribia kuzika wazima kumi na mmoja kwa kuogopa tu.

Wafugaji wa humu, nani amewahi kukutana na hili? Ulifanyaje? Mwageni uzoefu, na wenye maswali nipo, nitajibu nikitoka shamba.