Tone la Maji kwenye Kioo

Kambale dume hakamuliki kama jike anavyokamuliwa mayai. Ukitaka mbegu zake unamchinja, unatoa korodani na kuzikausha kwa kitambaa, maana maji yakizigusa mapema mbegu zinaamka, zinakimbia kidogo, zinakufa. Hiyo ndiyo kazi yangu Muleba, kwenye kituo cha kuzalisha vifaranga vya samaki. Kwa hadubini nimeziona chembe za duara zinavyogawanyika, zinavyosinyaa, zinavyoota mkia. Zikikomaa naongeza tone la maji kwenye kioo cha hadubini, na kioo kizima kinachemka.

Nyumbani mimi na mke wangu hatukuwa na mtoto. Mama, tunayeishi naye, alishachoka kusubiri.

"Kibanja hiki cha migomba nitamwachia nani?" aliniuliza tukimenya ndizi. "Kama huyo hawezi, mrudishe kwao Buganguzi."

Mke wangu alikuwa uani, anasikia.

Hospitali huko Bukoba walisema waanze kunipima mimi. Nikajifanya mjanja: nipange foleni na kikopo mkononi wakati hadubini ninayo? Wenzangu walipokwenda kula nikafunga mlango, nikaweka mbegu zangu kwenye kioo. Mkono ukafanya ulivyozoea, ukaongeza tone la maji. Nikainama kutazama.

Hakuna kilichosogea. Mikia imejikunja, kimya kabisa. Niliogopa, nikakifuta kioo haraka kabla wenzangu hawajarudi. Siku zilizofuata, kila mama alipofungua mdomo nilidhani ameshajua.

Mwishowe nilikwenda Bukoba, nikitumaini kuambiwa nimekosea. Mama wa maabara alinisikiliza, akatikisa kichwa.

"Uliweka maji? Hao ni samaki, baba. Za mtu maji yanaziua."

Alipomaliza kupima akanisogezea hadubini yake. Zilikuwa zinaogelea, nyingi, hazina habari na mimi. Nilicheka peke yangu njia nzima.

Mke wangu alinipokea mlangoni. "Wamesemaje?"

Nikafungua mdomo nimwambie kwamba mimi ni mzima, na hapo hapo hofu ikanirudia, mbaya kuliko ile ya kwanza. Kama mimi ni mzima, anayebaki ni nani? Aliushika mwimo wa mlango kwa mikono miwili. Nyuma yake, jikoni, kisu cha mama kilikuwa kimeacha kumenya.

"Shida ni yangu," nikasema, kwa sauti ya kufika jikoni.