Bunduki ya Shamba Ndani ya Kota

Siku baba yangu alipokataa kula nyumbani kwangu naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na nakueleza wewe kwa sababu karibu utahamia kota za kambini na leseni ya bunduki unayo. Nimechoka kidogo, maana jambo hili nimewaambia wengi. Lakini Mwenyezi Mungu amenipa umri, alhamdulillahi, basi nitalisema tena.

Marehemu mume wangu, Shee, alikuwa mwanajeshi. Alikuwa pia na shamba la urithi upande wa bara, penye nyani na nguruwe mwitu, na kwa ajili ya shamba hilo alipewa leseni ya bunduki yake mwenyewe. Tulipopata kota alikuja nayo pamoja na vyombo vyetu, akaifunga kwa kanga yangu kuukuu na kuiweka juu ya kabati la chumbani. Amri ya kambi ilikuwa wazi: silaha ya mtu binafsi aambiwe mkuu, nayo ikae kwenye ghala la silaha. Shee aliona taabu kuomba ruhusa kila aendapo shamba. Kila siku alisema ataipeleka. Nami nilinyamaza, huku nikijua ikigunduliwa tutatolewa kwenye nyumba na kazi itakwenda.

Baba alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani huko Siyu. Alitembea mpaka Mtangawanda, akapanda boti, akaja kututazama. Nikampisha chumbani aswali adhuhuri. Alipotoka aligeuka kutazama juu ya kabati, nikajua ameiona bunduki. Mara jirani akabisha hodi. Amepoteza ufunguo wake, aomba wangu, maana kufuli za kota zile ufunguo mmoja ulizifungua zote. Akafungua mlango wake, akaurudisha ufunguo, akashukuru, akaenda zake. Baba aliyatazama yote hayo.

Nikaandaa wali wa nazi na samaki wa kupaka. Baba akanawa, kisha asinyoshe mkono.

"Shee, mkuu wako yuwajua kilichoko juu ya kabati?"

"Leseni ninayo, baba."

"Sikukuuliza leseni."

Shee akacheka kidogo, akasema ni ya kutishia nyani tu, na nyani wenyewe wa bara siku hizi hawaiogopi. Baba hakucheka.

Wewe umesoma, mwanangu, utaelewa alichotueleza. Katika fiqhi, elimu ya sheria za dini, kila mali ina hirzi yake, yaani mahali panapofaa kuihifadhi. Hirzi ya dhahabu ni sanduku lenye kufuli, hirzi ya ng'ombe ni zizi. Mwenye kuweka kitu pasipo hirzi yake amezembea, hata kama ni chake kwa haki.

"Leseni yasema bunduki ni yako," baba akamwambia. "Haisemi kabati ndiyo hirzi yake. Nyumba hii si yako, na ufunguo wake ni wa mtaa mzima. Mimi siwezi kula hapa."

Mkwe kuacha chakula chako si jambo dogo kwetu. Shee akasema kwa sauti ya chini kwamba wakijua aliificha watamfukuza. Baba akamjibu kuwa huenda wakamfukuza kweli, na riziki iko kwa Mola, na yeye atamngoja pale pale.

Shee akavaa sare, akaenda kwa mkuu wake mikono mitupu, akaeleza. Akarudi na askari wa ghala, wakaichukua. Hawakumfukuza. Walimteremsha cheo, wala hakukipata tena mpaka alipostaafu. Msimu ule nyani walikula mahindi, kwa kuwa ruhusa ya kuitoa bunduki ilichelewa. Baba alikula wali ule ukiwa umepoa, sinia moja na Shee.

Basi mwanangu, ukifika kambini usifungue mizigo kabla hujamwona mkuu wako. Mwambie bunduki unayo, mwonyeshe leseni, muulize yahifadhiwa wapi, maana kila kambi ina amri zake. Ipeleke ghalani bila risasi ndani, upewe stakabadhi. Leseni usiiache ikapitwa na muda. Ukihamishwa, anza upya kama mgeni. Utaona ni usumbufu, na ni usumbufu kweli, sitakudanganya. Shee alingoja mpaka akaulizwa, na yeye ndiye aliyelipa. Wewe sema kabla hujaulizwa.

Mola akuhifadhi, awahifadhi na majirani utakaokaa nao, akujaalie riziki ya halali na moyo usio na la kuficha. Amina.