Sifuri Nimeiweka kwa Bibi

Jamani, juzi nimeaibika Kidichi, mahali aliponilea marehemu bibi yangu.

Kazi yangu ni kuchora barabara kwa kompyuta, katika ofisi moja hapa mjini. Nilipewa mstari wa katikati wa barabara ya Kidichi niutie namba za umbali kila mita mia, sifuri ianzie upande wa mjini. Nilipoiona kona ya nyumba ya bibi, barabara inapoishia, nikasahau niko kazini. Nikakumbuka karafuu zilizoanikwa kwenye majamvi, na sauti yake akiniita nikanywe chai ya mdalasini. Nikabofya mwanzo wa mstari pale pale kwake, na programu ikahesabu yenyewe mpaka mjini. Namba zikapangika vizuri, nikajisifu.

Wapimaji wakapigilia vigingi kwa kufuata namba zangu. Tulipokwenda kuvikagua, kigingi cha kalavati, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara, kilikuwa juu kabisa ya kilima, mbali na bonde la maji.

"Bi Zuhura," mhandisi akaniita mbele ya wanakijiji.

"Naam."

"Maji yapande huku yafuate nini?"

Nikaitazama ramani, nikazifuata namba kwa kidole. "Nimehesabu kinyume. Sifuri nimeiweka kwa bibi yangu."

"Kwa nini?"

"Mie safari zangu zote zilianzia hapo."

Bi mkubwa mmoja akanisogelea, akanitazama usoni, kisha akawageukia wenzake.

"Huyu mjukuu wa Bi Khadija. Akitumwa chumvi dukani, alikuwa akipotea njia hii hii."