Bibi wa Mlali Aliyemwamkia Mtangazaji

Ndiyo, ni mimi. Yule bibi wa Mlali aliyepiga simu redioni kuwalilia wauza mboga wa Mwembesongo hakuwa bibi, wala hakuwa wa Mlali. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye shahada mbili, kajifungia stoo nyumbani kwake mjini, kaziba mdomo kwa mtandio. Nimekana kwa miaka sita. Mara nyingine nimekana kabla sijaulizwa.

Chanzo ni Marekani.

Chuoni nafundisha somo la serikali ya Marekani, nchi ambayo sijawahi kuikanyaga, na nalifundisha kwa uhakika wa mtu anayejua hakuna wa kumsahihisha. Vyama viwili, makundi ya maslahi, vyombo vya habari, na jinsi vyote vinavyosukumana mpaka sera itoke upande wa pili haifanani na alichokitaka yeyote. Jioni nikipita kwa mama mdogo kuchukua mchicha, mhadhara uliendelea. Yeye ndiye mwenyekiti wa wanawake wanaoteremsha mboga kutoka milimani Mlali na kuziuza kando ya barabara Mwembesongo. Shule aliiacha mapema, lakini redio haimpiti, na maswali yake ni mabaya kuliko ya wanafunzi wangu.

"Huyo mshawishi anayemvizia mbunge kwenye korido, anamwambia nini?"

"Anamwambia watu wa jimboni hawafurahi."

"Na kweli hawafurahi?"

"Wengine hata habari hawana. Barua zinaandikwa ofisini mjini, kisha wanatafutwa watu wa kutia sahihi, zionekane zimetoka kijijini."

Mama mdogo alicheka mpaka akaishika meza. "Kumbe ni watu kama sisi!"

Nikamweleza, kwa ukali kidogo, kwamba huo ni udanganyifu. Nilitumia hata neno "maadili". Naomba mlikumbuke.

Mwezi uliofuata likaja tangazo: wauza mboga wote wahamie uwanja mpya nje ya mji, mahali ambapo mteja wa uhakika angekuwa mbuzi. Kikao cha kata cha kuamua kilikuwa baada ya wiki mbili. Mama mdogo alikuwa anasomesha wajukuu wawili kwa meza ile. "Mchicha haulali," aliniambia. "Ukilala, nimelala na mimi." Kisha akajifuta uso kwa kanga. "Haya, mwalimu. Wamarekani wanaanzia wapi?"

Nikasema, kwa mzaha tu, wanaanzia kwenye vyama.

Kesho yake wanawake wakagawanyika. Nusu walikwenda ofisi ya chama kimoja, nusu ya chama kingine, na kila kundi likaeleza kwamba chama kile kingine kimeshaahidi kuwatetea. Kufika Ijumaa, vyama viwili visivyosalimiana vilikuwa vinashindana kuupenda mchicha. Miaka yote nilikuwa nachora makundi ya maslahi ubaoni kwa mishale. Sasa moja lilikuwa mbele yangu, limevaa kanga na linanyunyizia maji matembele.

Korido hatuna, kwa hiyo diwani walimvizia kwa kinyozi, keshapakwa povu, hawezi kukimbia. Akasema atafikiria.

"Bado redio," akasema mama mdogo. "Sauti zetu diwani anazijua. Anatakiwa bibi mkulima, wa kutoka Mlali." Akanitazama.

"Mimi? Mama mdogo, mimi nina maadili."

"Yaweke hapo kwenye tenga. Utayachukua ukirudi."

Asubuhi nikaingia stoo, nikapiga kipindi cha wasikilizaji. Sauti nilikuwa nimeifanyia mazoezi: imechoka, inavutwa taratibu kama ya watu wa milimani. Aliyepokea alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, ila ana sauti nzito kama mzee wa baraza.

"Karibu hewani. Naongea na nani?"

Mdomo wangu, uliolelewa vizuri, ukatangulia. "Shikamoo."

Bibi wa miaka themanini amemwamkia kijana, na mkoa mzima unasikiliza.

"Ma... marahaba, bibi," akajibu, na nyuma yake nikasikia mtu akianguka na kiti.

Niliendelea. Ningefanyaje? Nikaeleza magoti yangu, mteremko, nyanya zinazooza. Nililia, na machozi yalikuwa ya kweli, maana stoo ina gunia la pilipili.

Nilipofika Mwembesongo saa nne, wazee walikuwa wanawaamkia watoto.

"Shikamoo, mjukuu wangu!"

"Marahaba, bibi! Mlali hawajambo?"

"Bibi gani huyo?" nikauliza. Ndivyo kukana kulivyoanza.

Kwa siku tatu watu walipiga simu redioni kumwamkia yule kijana, na kwa kuwa wameshafika hewani, wakaulizia na habari ya mboga. Hotuba safi isingefika mbali hivyo. Hilo nalo sijaliona kwenye kitabu chochote cha somo langu.

Siku ya kikao nilikuwa darasani, nikieleza makundi ya maslahi kwa sauti ndogo kuliko kawaida. Simu ikatetemeka mezani. Nikatoka nje. Vigelegele vilinifikia kabla ya maneno.

"Mwanangu, tunabaki! Diwani kasimama mwenyewe kututetea, vyama vyote viwili vimenyoosha mikono!"

Nikaruka pale nje kama mtoto, mbele ya wanafunzi dirishani.

"Ngoja," akasema, "diwani huyu hapa, anakutaka."

Simu ikabadili mikono. "Mwalimu," akasema mzee wa watu, taratibu. "Ukimwona yule bibi wa Mlali, mwambie marahaba."

"Bibi gani, mheshimiwa?"

Soko zima likaangua kicheko. Alikuwa ameweka spika.