Mstari Mmoja Mwekundu

Shangazi yangu Selina amewafumia soksi nusu ya watu wa kisiwa chetu cha Tristan, na sisi wenyewe hatufiki mia tatu. Viazi analima, kondoo anawakata manyoya mwenyewe. Lakini Kileleni, juu kabisa ya mlima huu unaotukalia vichwani, hakuwahi kufika, na roho yake yote ilikuwa huko.

Mimi mdadisi, sikatai. Nikamchokonoa mpaka akasema. Enzi zao msichana akimpenda kijana alimfumia soksi, na mapenzi yakahesabiwa kwa mistari ya rangi. Selina akampa Basil zake. Kesho yake Basil akapanda Kileleni nazo mfukoni, akarudi mikono mitupu, akaoa mwingine. Miaka arobaini na minne hiyo! Shangazi hakuolewa. Kila akimwuliza soksi alizipeleka wapi, Basil, ambaye siku hizi ni mgane, humjibu, "Panda uone."

Januari hii wingu likaondoka mlimani.

"Nipeleke," Shangazi akamwambia Basil.

"Na goti hilo?"

"Goti ni langu, wewe linakuwasha nini?"

Nikajibandika nyuma yao. Ukishapita majani ni changarawe nyekundu tupu, unapiga hatua mbili unateleza moja. Shangazi akautukana mlima, akamtukana na Basil, akapanda. Saa saba mchana tukafika kwenye ziwa la kileleni. Basil akafukua rundo la mawe, akatoa kopo la biskuti lililoota kutu.

Soksi zilikuwemo. Nyeupe, kila moja na mstari mmoja mwekundu.

"Kwa nini hukuzivaa?" Shangazi akauliza.

"Mstari mmoja, Selina. Wenzangu walipewa minne, mitano. Nikaelewa."

"Ukaelewa nini, we mjinga? Meli ilichelewa miezi mitano, kisiwa kizima hakuna uzi wa rangi! Huo mmoja niliufumua kwenye shali ya marehemu mama."

Basil akakaa chini kama aliyesukumwa. Machozi yakanitoka, sioni haya kusema. Kisha akavua viatu, akazivaa zile soksi taratibu. Sufu ilishachakaa, dole gumba likachomoza nje.

"Vua nikuzibie," Shangazi akasema.

"Sivui."