Mtungi Uliotulia

Zenobia Wasilczuk alikuwa na pua yenye kuchagua. Mavi ya ng'ombe hayakumsumbua hata kidogo. Miaka thelathini na mmoja alikuwa akiwapandisha ng'ombe wa vijiji vyote vya kando ya mto Narew kwa mrija wa mbegu ya dume, mkono ndani mpaka begani, kisha ananawa na kula mkate kwa mkono uleule. Kilichomchefua ni marashi ya Tymon, mtoto wa marehemu kaka yake. Kijana mzima ananukia kama duka! Anaingia zizini na viatu vyeupe, anakanyaga kwa ncha za vidole kama paka aliyemwagiwa maji, simu imemtangulia.

Na simu hiyo ndiyo iliyokuwa bwana wa zizi siku hizi. Zamani hesabu ya mbegu za madume ilikaa kwenye daftari la shule lililotundikwa juu ya mtungi wa naitrojeni unaozigandisha mbegu hizo: dume gani, imebaki mirija mingapi, nani kapandishwa lini. Tymon aliporithi shamba alinunua programu, akalitia daftari kwenye jiko la kuni. Sheria mpya ikawa moja: mwenye simu ndiye mwenye mtungi. Yeye ndiye afungue, achomoe mrija, apige picha namba yake, programu ipunguze moja, auyeyushe kwenye chupa ya maji ya uvuguvugu, amletee shangazi.

"Kwa hiyo mimi ni mkono tu," Zenobia alisema siku ya kwanza. "Kichwa umekinunua dukani."

"Shangazi, usichukie maendeleo."

"Nachukia marashi. Maendeleo sijayaona."

Basi Jumanne moja ya mwezi wa Mei, Tymon alikuwa mjini Białystok kwa daktari wa meno, na ng'ombe aitwaye Rusałka akashikwa na joto la kutaka dume. Alinguruma, akawapanda wenzake, akavunja ubao wa hori. Joto la ng'ombe halingoji jino la mtu. Zenobia akaufungua mtungi mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu vuli.

Aliyewahi kufungua mtungi wa mbegu anajua: ukiinua kifuniko, ukungu mweupe wa naitrojeni unafuka, unateremka mpaka miguuni, baridi yake inauma kama mbwa. Huu haukufuka kitu. Zenobia akainamisha uso, akakutana na harufu ya soksi mbichi iliyosahauliwa ndani ya buti. Akashika kikombe cha mirija kwa mkono mtupu. Mkono mtupu, ndugu zangu! Mtungi ungekuwa mzima, ngozi ingebaki humo. Mirija ilikuwa vuguvugu, na ndani yake ule ute umelegea kama mafua.

Kwenye rafu, kishkwambi cha Tymon, chenye programu ileile ya simu, kilikuwa kinang'aa. Mirija 212. Dume Wojewoda, 34. Kimo cha naitrojeni, sentimita kumi na nane. Pembeni kialama cha kijani, maana yake kila kitu ni shwari.

Alikitafuta kile kijiti cheusi cha kupimia, kile unachokizamisha, ukakipunga hewani na kuona barafu imepanda mpaka wapi. Alikikuta dirishani, mke wa Tymon amekiegemezea ua lake lisianguke. Zenobia akatema mate.

Tymon alirudi saa tano, nusu ya mdomo imekufa ganzi.

"Mtungi uliupima lini?"

"Kila Jumamosi, shangazi. Programu haikubali kufungwa bila kuandika namba."

"Sijauliza uliandika lini. Nimeuliza ulipima lini."

Tymon akajipangusa udenda. "Wiki za mwanzo ilikuwa kumi na nane, kumi na nane, kumi na nane. Nikaona imezoea hapo. Nikawa naandika hiyohiyo."

"Na ukungu? Hukuona kuwa haufuki tena?"

"Uliacha karibu na Krismasi. Nilidhani mtungi umetulia."

"Umetulia! Hata babu yako ametulia, yuko makaburini."

Hapo kijana akasema jambo ambalo Zenobia hakulitarajia hata kwa mtu wa marashi. Kwanza alipiga simu palepale, akaambiwa gari la naitrojeni lingefika saa nane. Na saa tisa alikuwa anakuja Seweryn Hryń, jirani wa ng'ambo ya daraja, kuchukua mirija kumi ya Wojewoda. Dume hilo lilikwishakufa, mbegu yake haipatikani tena popote.

"Tukijaza, ukungu unarudi," Tymon alinong'ona. "Programu inasema ipo. Nani atajua? Ng'ombe wake wasiposhika mimba, lawama ni za majani. Si ulisema hivyohivyo kwa Jarzębina?"

Jarzębina alikuwa ng'ombe bora wa Seweryn. Januari, Februari, Machi, Zenobia alimpandisha kwa mbegu ya Wojewoda kutoka mtungi huuhuu, na mara tatu joto likarudi. Akasimama uani kwa mtu, mikono kiunoni, akatangaza: "Majani yako mabaya na ng'ombe wako tasa. Mpeleke machinjioni." Na mzee wa watu alimpeleka, akilia mpaka makamasi. Hata ng'ombe kumi na mmoja wa hapa nyumbani hawakushika, naye akasingizia theluji.

Gari lilikuja, likajaza. Ukungu ukafuka, mweupe, mzuri. Tymon akatabasamu kwa nusu ya mdomo. "Unaona? Kama mpya." Zenobia aliona maiti iliyopakwa poda.

Seweryn alifika na kimtungi chake amekipakata kama mtoto.

"Yesu asifiwe, Bi Zenobia."

"Milele na milele. Kaa chini, Seweryn."

"Nikae wapi, kwenye mavi?"

"Kaa." Alitoa vikombe vyote kimoja kimoja na kuvikung'uta ndani ya ndoo ya samadi, mirija yote mia mbili na kumi na mbili. Tymon alipofungua mdomo, alimwonyesha kidole, kijana akaufunga. "Mbegu zimekufa tangu Krismasi. Hatukupima mtungi. Jarzębina hakuwa tasa. Nilimtilia maji machafu mara tatu, halafu nikamhukumu."

Seweryn alivua kofia, akaivaa, akaivua tena.

"Pasaka ulikuja kwangu," alisema.

"Nilikuja."

"Nikakuandalia ulimi wake, wa baridi."

"Nikaomba na kipande cha pili," Zenobia alisema, na mate yakamjaa mdomoni, siyo ya hamu.

"Paja lake bado liko kwenye friza. Mimi siligusi tena." Akakiweka kimtungi chini. "Wewe ndiye uliyesema ni nyama. Njoo uichukue nyama yako."

Tymon akadakia, "Nitaleta gari, shangazi."

"Toka mbele yangu."

Alikwenda kwa miguu, akarudi kwa miguu, paja lililoganda amelikumbatia kifuani bila mfuko, baridi yake ikipenya blauzi. Barabarani watu walikuwa malangoni.

"Bi Zenobia, nyama yote hiyo umeipata wapi?"

Akasimama, akawaeleza. Lango lililofuata wakauliza tena, akasimama, akaeleza upya, tangu mwanzo.