Pampu Aliyoileta Kaka

Mume wangu alikuwa fundi wa magari mjini Kakamega, na kaka yangu alikuwa na pikapu. Kwa muda mambo hayo mawili yalitufaa sote.

Kaka aliishi Chekalini, kwenye shamba aliloachiwa na marehemu baba. Miaka ile ya tisini bei ya mahindi ilikuwa imeanza kuyumba, naye akachoka kungoja wanunuzi wamfuate nyumbani na kumpangia bei wanayotaka. Akanunua pikapu ya Kijapani iliyokwisha kupita mikononi mwa watu wengi, akawa analeta mahindi na vitunguu Kakamega na kurudi kwao na sabuni, chumvi na sukari za kuuza. Kila alipokuja sokoni aliipitisha gerejini kwetu. Mume wangu akiangalia breki na kusikiliza injini, kaka alikuwa akiingia kibandani kwangu, ubavuni mwa gereji, nilikouza chai na chakula cha mchana. Alipenda kuketi kwenye benchi la karibu na moto, akinipasha habari za mama na za jirani waliogombania mpaka, huku akicheka kabla hajafika penye kichekesho.

Hawakufanana, wale wawili. Kaka alikuwa mtu wa maneno mengi, na aliamini kwamba kila anayeuza kitu ana njama. Mume wangu aliweza kufanya kazi toka asubuhi hadi jioni bila kutamka zaidi ya yale ya kuombea spana. Walakini walipendana. Miaka ya nyuma, kabla ya pikapu, nilipojifungua mtoto wetu wa kwanza, kaka ndiye aliyemletea mume wangu kuku na unga, wakala pamoja nje, nami nikiwasikia kutoka ndani nikaona nimeolewa mahali pazuri.

Siku hizo maduka ya spea yalikuwa yamezagaa kila mji. Vitu vilikuja katika maboksi mapya yenye rangi za kupendeza, na hakuna aliyejua kilichomo ndani. Kwa upande mwingine wenye magari waliamini kwamba mafundi huongeza bei ya spea na kujilipa katikati, na kweli wako waliofanya hivyo. Basi wengi wakaanza kuja gerejini na spea zao mkononi. Mume wangu hakupenda. Mwalimu mmoja alileta raba za breki zilizoisha kabla ya muhula kuisha, akaja kudai kwamba zilifungwa vibaya. Mwenye lori la miwa kutoka upande wa Mumias alileta pleti ya klachi, ikapasuka, na mume wangu akaifungua na kufunga nyingine bila malipo ili kelele ziishe. Aliniambia kwamba spea ya mteja ikifanya kazi, sifa ni za spea, na ikiharibika, lawama ni za fundi.

Halafu pikapu ya kaka ikaanza kupungukiwa na nguvu ya oili. Mume wangu akasema pampu ya oili imechoka, ile inayosukuma oili ifike kila pembe ya injini, na kwamba angeenda mwenyewe Kisumu kwenye duka analolifahamu. Kaka akakataa, kwa upole kabisa.

"Shemeji, si kwamba sikuamini," alisema. "Lakini spea mimi hununuanga mwenyewe. Hata daktari nikimwendea, dawa hununuanga mwenyewe."

Akaenda Kisumu, akarudi na boksi. Nilikuwa nimewapelekea chai mume wangu alipolifungua. Aliitoa ile pampu, akaigeuza, akaipeleka kwenye mwanga na kupitisha ukucha juu ya gia zake. Akaupitisha tena ukucha pale pale, nami nikasimama na birika mkononi.

"Shemeji, hii imewahi kufungwa mahali," alisema.

"Imetolewa kwa boksi nikiangalia kwa macho yangu," kaka akajibu. "Wewe funga."

Angekuwa mteja mwingine, mume wangu angemrudishia boksi lake. Lakini huyu alikuwa kaka wa mkewe, na kumwambia shemeji kwamba amedanganywa, mara mbili, mbele ya mkewe, ilikuwa kama kumwita mjinga. Aliinama chini ya gari akaifunga. Aliwasha injini, akaiacha ingurume hadi ikapata moto, akaangalia kama inazima taa ya oili, ile inayowaka oili isipofika vizuri. Ilizima. Kaka akamshukuru, akaondoka.

Wiki chache zilipita. Siku moja alasiri, mvua ikinyesha, trekta la miwa lilisimama mbele ya gereji likivuta ile pikapu kwa mnyororo. Kaka alikuwa ameketi nyuma ya usukani, amelowa. Alisema alikuwa amepita Malava kidogo akielekea nyumbani, injini ikaanza kugonga kama mtu anayepiga nyundo ndani ya pipa, kisha ikakwama. Taa ya oili haikuwaka hata mara moja. Mume wangu akamuuliza kama ana hakika. Akasema ana hakika. Huko nyuma turubai lilikuwa limepasuka, na gunia la sukari lilikuwa linavuja maji matamu yanayonata, yakitiririka hadi kwenye uchafu wa oili chini. Nilitafuta masufuria nikayakinga chini ya gunia, ingawa nilijua hakuna atakayeitumia sukari ile.

Mume wangu aliifungua injini kesho yake, kaka akiwa amesimama hapo hapo. Beringi zilikuwa zimeyeyuka na krenki, mhimili unaozunguka ndani yake, imekwaruzwa vibaya. Gia za pampu zilikuwa zimelika. Wakaiosha, wakaifunga kwa gazeti, wakaenda nayo Kisumu pamoja.

Niliyojua kuhusu safari hiyo niliyapata vipande vipande. Mwenye duka hakugombana nao. Aliwaonyesha tangazo ukutani kwamba spea ikishafungwa hairudishwi. Kisha akaishika pampu, akamgeukia kaka peke yake, kama kwamba mume wangu hayupo, akamwambia kuwa ameuza pampu kama hizo nyingi na hakuna iliyorudi, isipokuwa zile zilizofungwa na mafundi wa vichochoroni. Walikuwa wametoka pamoja asubuhi. Walirudi kila mtu kivyake.

Kaka alipita kibandani kwangu kabla ya kwenda nyumbani. Hakuketi.

"Dada, mwenye duka anasema pampu haikuwa na kosa. Kosa ni la mkono."

"Mkono wa nani?" nikamuuliza, ingawa nilijua.

Alitazama upande wa gereji, akachukua kofia yake, akaondoka.

Mama aliposikia alituita Chekalini. Aliwaketisha wote wawili sebuleni na kuwaambia kwamba gari ni chuma, na kwamba yeye hakuzaa chuma. Walimsikiliza kwa heshima. Mwishowe walikubaliana jambo moja tu, kwamba pampu ipelekwe kwa mzee mmoja aliyewahi kufundisha ufundi, ambaye alikuwa amestaafu na kujenga karibu na Sigalagala, na atakalosema lipokelewe. Nilirudi Kakamega siku hiyo nikiwa na moyo mwepesi.

Yule mzee aliwakaribisha vizuri. Aliichunguza pampu mezani kwake, akawaambia kwamba gia zake zilikuwa na alama za kuchakaa ambazo haziwezi kutokea kwa muda mfupi namna ile, kwa hiyo huenda haikuwa mpya. Akaendelea kusema kwamba ndani ya kichujio chake ameona vipande vya gundi ya gaskiti, ile wanayopaka mafundi ili oili isivuje, na kwamba gundi ikiingia humo inaweza kuzuia oili kupita. Ni lipi lililotangulia kuiua injini, hakuweza kusema. Angekuwepo siku ile ilipokwama labda angejua. Aliwataka wasameheane, akawasindikiza hadi njiani.

Kwa hiyo kila mmoja akarudi na nusu yake. Kaka alishika gundi. Mume wangu alishika gia.

Pikapu ikabaki gerejini kwetu. Kaka hakutaka kuivuta kuipeleka kwa fundi mwingine, kwa kuwa kufanya hivyo kungekuwa kukubali kwamba shauri limekwisha. Mume wangu naye hakutaka kuigusa, kwa maana akiitengeneza bila kuombwa itakuwa amekiri. Ilikaa pale mlangoni, injini iko wazi, imefunikwa gunia, na kila mteja aliyeingia aliuliza ni ya nani. Mume wangu akawa hapokei tena spea ya mtu yeyote. Aliwaambia wateja kwamba atanunua yeye au waende kwingine. Wengi wakaenda kwingine. Na kule masokoni Chekalini na Turbo kaka alikuwa akiwaeleza watu habari za gundi, na wenye magari wa upande huo, waliokuwa wakija kwetu kwa ajili ya jina la kaka, hawakuja tena.

Mume wangu hakunilaumu kamwe kwa ajili ya ndugu yangu. Nadhani ingekuwa rahisi zaidi kama angenilaumu. Asubuhi moja nilimkuta ameketi kwenye tairi kuukuu, hajavaa ovaroli, ameshika kopo la gundi. Nikamuuliza kama ataka chai.

"Nilipaka kidogo," alisema. "Nimepaka hivyo kwa magari mengi sana. Lakini siku ile niliharakisha kwa sababu nilikuwa nimekasirika." Akaliweka lile kopo chini. "Ukiniuliza ni nini kilichoiua ile injini, mimi mwenyewe sijui."

Hakulirudia tena, nami sikulitaja.

Baadaye presha ya mama ilipanda, akalazwa hospitali ya misheni kule Mukumu. Tulipokezana kumtunza, mimi na wifi yangu, mke wa kaka. Tulikuwa tumeketi kwenye benchi la nje tukingoja saa ya kuwaona wagonjwa aliponiambia, akiangalia mikono yake, kwamba kaka alikuwa hapati usingizi. Kaka alikuwa amemwambia kwamba lile boksi halikufunguliwa mbele yake. Muuzaji alilitoa chumba cha nyuma likiwa limekwisha kufunguliwa. Alilikumbuka hilo njiani akitoka Kisumu safari ile ya pili, na tangu hapo hakuweza kulisema kwa mtu.

"Usimwambie nimekuambia," akanisihi.

Nami nikamweleza ya mume wangu na lile kopo. Waume wetu wote wawili walikuwa na shaka na nafsi zao, na ni sisi tu wawili tuliojua. Ungefikiri tungesimama pale pale tukaenda kuwaleta pamoja. Lakini tuliwafahamu. Neno la mume wangu likifika Chekalini litapokelewa kama hukumu, na la kaka likifika Kakamega, hivyo hivyo. Kengele ya hospitali ikalia, tukaingia ndani tukambadilishia mama shuka.

Agosti iliyofuata ilikuwa zamu ya mwanangu wa kwanza kutahiriwa. Kwetu mvulana huenda kwa mjomba wake na njuga mikononi, na mjomba humchinjia, kisha humvisha nyama shingoni arudi nayo kwao ikionekana. Asiyevishwa na mjomba hurudi kama asiye na watu upande wa mama. Nilituma habari mapema. Kaka alijibu kwamba amesikia. Mume wangu aliniambia nisitie shaka, kwamba mambo ya gari hayawezi kumfikia mtoto.

Walienda, mwanangu na vijana wa rika lake na baba zake wadogo wa ukoo, wakiimba. Waliporudi jioni niliwasikia kutoka mbali, na nyimbo hazikuwa na nguvu. Shingoni mwake hapakuwa na kitu. Kaka alikuwa amesafiri alfajiri, hawakuambiwa kwenda wapi. Wifi aliwapikia ingokho na obusuma, kuku na ugali wa kwetu, akawahudumia vizuri, akalia, lakini mwanamke hawezi kuchinja wala kuvisha. Binamu yangu mmoja akatafuta mbuzi kwa jirani, akasimama mahali pa kaka, na mtoto akakatwa asubuhi kama wengine. Hakutikisika. Mume wangu alimtazama hadi mwisho, kisha akaenda nyuma ya nyumba, na nilipomfuata alinionyesha kwa mkono kwamba nimwache.

Tangu siku hiyo hakulitaja tena jina la ndugu yangu. Mwaka uliofuata walikuja watu wawili na lori, wakisema wametumwa na mwenyewe. Waliipakia pikapu vipande vipande wakaenda kuiuza kama chuma chakavu. Kaka hakuja nao. Mume wangu aliwasaidia kuinua injini, kwa kuwa walikuwa hawajui pa kuishika. Muda si mrefu akaiacha gereji, akaenda Eldoret kufanya kazi kwa mtu mwingine, akirudi nyumbani mara moja moja. Kibanda changu hakingeweza kusimama peke yake bila wateja wa gereji, nikakifunga.

Mama alifariki bila kuwaona wakisemezana. Kwenye mazishi mume wangu alikuja, amevaa koti jeusi, akaketi na wanaume wa upande wa wakwe, mbali na kaka. Kaka alikuwa amekonda na nywele zimeota mvi. Nilikutana naye karibu na jikoni nikiwa nimebeba maji.

"Watoto hawajambo?" aliniuliza.

"Hawajambo."

"Na mwenzio?"

"Yuko pale, na wanaume."

"Nimemwona," alisema. Alisimama kidogo, kama mtu anayetaka kuongeza neno, kisha mtu akamwita kutoka kwenye turubai kwamba viti havitoshi, akaenda kuvitafuta.